Mtoto Aambiwe Ukweli: Kumwandaa Mtoto wa Shule kwa Operesheni ya Tumbo

Kipindi cha afya. Hati ya kusomwa redioni na katika vikundi vya wasikilizaji.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA, UNASHUKA TARATIBU NA KUBAKI CHINI YA SAUTI.)

MTANGAZAJI: Leo tunazungumza juu ya mtoto wa umri wa shule, yaani wa miaka 6 mpaka 12, ambaye daktari amesema tumbo lake linahitaji operesheni. Tufanye nini nyumbani kabla ya siku hiyo? Tumwambie nini? Wauguzi wanamfundisha nini, na sisi tunawasaidiaje?

(MUZIKI UNAISHA.)

MTANGAZAJI: Nianze na jambo langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka 9, niko darasa la 3. Nilikuwa na ngiri ya kitovu, kitovu kinatoka nje kama yai. Siku moja asubuhi shangazi aliniogesha, akanivalisha gauni la kanisani, akasema tunakwenda mjini kununua viatu. Nikawaaga wenzangu kwa maringo. Tulishuka kwenye gari mbele ya hospitali, ambayo siitaji jina. Viatu sikuviona. Niliona mlango, kitanda chenye magurudumu na watu waliofunika nyuso. Nilipiga kelele, nikamng'ata mtu mkono, watu wanne wakanishika. Nilipoamka nilikuta kidonda tumboni na mpira mkononi. Niliamini wameniibia kitu ndani.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Aliogopa nitalia njiani. Lakini sikilizeni kilichofuata. Siku ya 5 tukiwa tumerudi kambini, kidonda kilianza kutoa usaha. Sikumwambia mtu. Nilijifunga kipande cha kitenge ndani ya nguo nikaendelea na mambo yangu, kwa sababu nilijua nikisema watanirudisha kule. Waligundua kwa harufu, na kwa homa iliyonilaza. Kidonda kilifunguka, nikakaa wiki nyingi nikisafishwa kila siku.

Ndiyo maana leo nasema hivi: mtoto anayedanganywa kabla ya operesheni ananyamaza baada ya operesheni. Na mtoto anayenyamaza yuko hatarini. Mtoto aliyeambiwa ukweli atasema panapouma.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Kwanza tujue ni magonjwa gani yanayowafikisha watoto kwenye operesheni ya tumbo. Kuna ngiri, pale sehemu ya utumbo inapojisukuma kupitia mahali palipo wazi kwenye misuli. Kuna kidole tumbo kinachovimba. Maumivu mara nyingi huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia. Kuna homa ya matumbo, ambayo isipotibiwa inaweza kutoboa utumbo. Na kuna utumbo kuziba. Hata minyoo ikiwa mingi sana inaweza kujikusanya na kuziba njia.

Operesheni nyingine hupangwa, na familia hupewa tarehe. Nyingine ni za dharura. Mkimbize mtoto kituo cha afya ukiona dalili hizi: maumivu ya tumbo yanayozidi, tumbo gumu kama ubao au lililovimba, kutapika bila kukoma hasa matapishi ya kijani, homa pamoja na maumivu hayo, kushindwa kupata choo na hata kutoa hewa, au ngiri iliyotoka ikawa ngumu, inauma na hairudi ndani. Usimpe dawa ya kuharisha. Usimwingizie dawa ya kienyeji kwa njia ya haja kubwa. Kama utumbo umeziba au umetoboka, dawa hizo zinaongeza hatari, na muda unapotea.

Sasa tuje kwenye kumwandaa mtoto. Nitapanga kwa hatua, ili hata wewe uliyeingia sasa hivi upate pa kushika.

HATUA YA KWANZA: MZAZI AELEWE KWANZA MWENYEWE.

Huwezi kumweleza mtoto jambo usilolijua. Kabla ya kutia saini au dole gumba kwenye karatasi ya ridhaa, uliza maswali manne. Mtoto ana ugonjwa gani? Mtamfanyia nini? Hatari ni zipi? Asipofanyiwa, itakuwaje? Kama Kiswahili cha hospitalini kinakupita, sema wazi kwamba unaelewa zaidi Kibembe, Kifuliiru, Kirundi au lugha nyingine, na uombe mtu mzima wa kutafsiri. Usimfanye mtoto mgonjwa awe mkalimani wa ugonjwa wake mwenyewe.

Nenda na karatasi ya rufaa, kadi ya kliniki na kadi ya mgao. Hapa kuna jambo letu la kambini. Watoto wengi wana jina moja kwenye kadi ya mgao, jingine shuleni na jingine nyumbani. Hospitalini jina ni ulinzi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha usalama wa operesheni, na miongoni mwa mambo ya kwanza ni kuthibitisha mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini na sehemu gani ya mwili. Mwambie muuguzi majina yote ya mtoto, na mkubaliane lipi litatumika. Mwambie na mtoto: "Watakuuliza jina mara nyingi. Hawajasahau, wanahakikisha ni wewe."

Mweleze muuguzi pia mambo haya bila aibu: kama mtoto ana kikohozi, mafua au homa, kama kuna selimundu au mtu anayetokwa damu sana katika ukoo, kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, kama amekunywa miti shamba, na kama ana jino linalotikisika. Ndiyo, jino! Watoto wa umri huu wanang'oka meno ya utotoni. Jino likichomoka akiwa usingizini linaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

HATUA YA PILI: MWAMBIE MTOTO MAPEMA, LAKINI SI MAPEMA MNO.

Mtoto wa miaka 6 au 7 ukimwambia mwezi mzima kabla, atakaa mwezi mzima na hofu. Kwake siku 1 mpaka 3 zinatosha. Mwenye miaka 9 na kuendelea anaweza kuambiwa hata juma moja kabla, ili apate muda wa kuuliza. Na kama wakubwa wote nyumbani wanazungumzia habari hiyo, mwambie siku hiyohiyo. Nyumba zetu zina ukuta mwembamba, na mtoto akisikia nusu ya habari, nusu nyingine ataijaza mwenyewe kwa mambo ya kutisha.

Chagua maneno. Wengi tunasema "kupasuliwa". Mtoto anayejua kuni zinavyopasuliwa kwa shoka, unadhani anaona nini kichwani? Tena kuna watoto wetu waliokimbia vita, wanajua kisu na panga vimefanya nini. Sema: "Daktari atafungua mahali padogo, atengeneze palipoharibika, kisha ashone." Na umwonyeshe kwa kidole ni padogo kiasi gani, kama daktari amekuambia.

Neno jingine ni "nusu kaputi". Watoto wanalisikia na kudhani mtu anakufa nusu. Sema "dawa ya usingizi". Lakini hata usingizi uueleze, kwa maana msibani tunasema marehemu amelala. Mwambie: "Huu ni usingizi wa dawa. Si kama wa usiku, kwa hiyo hutaamka katikati wala hutasikia maumivu wakati wa operesheni. Daktari akimaliza, dawa inaisha nguvu na unaamka. Kuna mtu ambaye kazi yake ni kukuangalia wewe unavyopumua mpaka mwisho."

HATUA YA TATU: JIBU HOFU ZAKE.

Watoto wa shule wana hofu zao, na wengi hawazisemi. Hofu ya kwanza: "Nimefanya kosa gani?" Mtoto anaweza kuamini ugonjwa ni adhabu, hasa kama jirani amesema amelogwa, au mama alizoea kumtisha: "Ukisumbua nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano." Wazazi, tuache tisho hilo kuanzia leo. Mwambie mtoto wazi: "Hukukosa kitu. Tumbo linaugua kama jino linavyougua."

Hofu ya pili: "Watanitoa viungo?" Mwambie kinachotengenezwa ni nini na kinachobaki ni nini. Kama ni kidole tumbo kitakachotolewa, mwambie kitatolewa, na kwamba ataendelea kula, kucheza na kukua bila hicho.

Hofu ya tatu ni aibu. Msichana wa miaka 10 hataki kuvuliwa nguo mbele ya watu. Mwambie atavaa gauni la hospitali na kufunikwa shuka, na sehemu inayotengenezwa tu ndiyo itakayofunuliwa.

Hofu ya nne: "Nitakufa?" Usimpigie kelele anyamaze. Usimwapie pia. Sema: "Ninajua unaogopa. Madaktari wanafanya hivi ili upone, na watakuangalia muda wote. Mimi nitakuwa nje ya mlango." Ahidi unachoweza kutimiza tu. Kama hujui utaruhusiwa kufika wapi, muulize muuguzi kwanza.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 12, unasema mtoto ana haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu. Ridhaa anatoa mzazi au mlezi, lakini mtoto asikilizwe. Anaweza pia kuchagua mambo madogo: kitambaa gani abebe, mkono upi uchomwe sindano kama muuguzi anakubali, ahesabu kwa Kiswahili au kwa Kifaransa cha shuleni.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Sasa tusikilize mchezo mfupi wa kuigiza. Mama yuko nyumbani na mwanawe wa miaka 8. Kesho wanakwenda hospitali.

MTOTO: Mama, kweli kesho siendi shule?

MAMA: Huendi, papa. Kaa hapa nikuambie. Unakijua kitovu chako kinavyotoka ukikohoa?

MTOTO: Wanakicheka.

MAMA: Ndani yake misuli ina mahali pameachana. Kesho daktari atakirudisha ndani na kushona pale. Kama mimi ninavyoshona shati lako likitatuka.

MTOTO: Kwa sindano ya nguo?

MAMA: Hapana, ana sindano yake safi ya hospitali. Na wewe utakuwa umelala kwa dawa, hutasikia.

MTOTO: Itauma?

MAMA: Ile sindano ya kwanza ya mkononi itakufinya kidogo. Wakati wa kushona, haumi. Ukiamka, tumbo litauma, na utawaambia wakupe dawa. Ukitaka kulia, lia.

MTOTO: Papa hatanicheka?

MAMA: Hatakucheka. Sasa hebu nieleze wewe, kesho kutatokea nini?

(MTOTO ANAELEZA KWA MANENO YAKE. SAUTI INASHUKA. SAUTI ZA WODINI.)

MUUGUZI: Karibuni. Mimi ni muuguzi. Tazama uso wangu vizuri kabla sijavaa barakoa. Umeuona?

MTOTO: Ndiyo. Shikamoo dada.

MUUGUZI: Marahaba. Sasa naivaa. Ni nani huyu?

MTOTO: (ANACHEKA) Ni wewe tu!

MUUGUZI: Ndani utaona wengi wamevaa hivi, na kofia, na nguo za rangi moja. Wanazuia vijidudu visiingie kwenye kidonda chako. Una swali?

MTOTO: Mama atabaki wapi?

MUUGUZI: Kwenye benchi lile. Ukitoka, tunampita yeye kwanza.

(MUZIKI MFUPI.)

MTANGAZAJI: Mmesikia mama alivyouliza mwishoni: "Hebu nieleze wewe." Usimuulize mtoto "umeelewa?" kwa maana atajibu ndiyo. Mwache aeleze. Hapo utajua alichoshika na alichokipinda.

Na mmemsikia muuguzi na barakoa. Watoto wetu wengine walivamiwa na watu waliofunika nyuso. Kama mwanao ni mmoja wao, mwambie muuguzi kwa siri. Muombe yeyote atakayemhudumia aonyeshe uso kwanza.

Vifaa vya kufundishia unavyo. Tengeneza mwanasesere wa vitambaa, mchoree mstari tumboni, mtoto ambandike kitambaa juu kama bandeji. Chora tumbo kwenye mchanga. Mweleze atakachokiona: taa kubwa, chumba chenye baridi, mashine inayolia kila mara, chupa ya maji ya dawa inayoning'inia. Kwa operesheni nyingine huwekwa mpira mwembamba puani unaokwenda tumboni, au mpira wa kutoa mkojo. Muulize muuguzi kama mwanao atawekewa. Akiamka akaukuta bila kuambiwa, atauvuta.

HATUA YA NNE: MAZOEZI KABLA YA SIKU.

Hili watu wengi hawalijui. Mazoezi ya baada ya operesheni yanafundishwa kabla, wakati tumbo haliumi sana na mtoto anaweza kujifunza. Kwa dharura ambapo tumbo tayari linauma, fuata maelekezo ya muuguzi.

Zoezi la 1 ni kupumua. Mtoto akae, avute hewa kwa pua mpaka tumbo lijae kama ngoma, ashike akihesabu 1, 2, 3, kisha apulize polepole kwa mdomo kama anayepooza uji wa moto. Arudie mara 5.

Zoezi la 2 ni kukohoa. Kunja kitenge kiwe kama mto mdogo. Mtoto akikumbatie juu ya tumbo kwa mikono miwili, akibonyeze kidogo, kisha akohoe. Kitenge kinashikilia kidonda, maumivu yanapungua. Kwa nini akohoe? Akilala tu na kuogopa kupumua, makohozi yanakaa kifuani na yanaweza kuleta nimonia.

Zoezi la 3 ni kuamka kitandani. Asiinuke moja kwa moja kwa tumbo. Ageuke ubavu, ashushe miguu, ajisukume kwa mkono mpaka akae. Muuguzi akiruhusu, atasimama na kutembea hatua chache. Kutembea kunaamsha utumbo na kusaidia damu itembee. Mwambie pia kwamba wauguzi watamuuliza kama amejamba. Watoto watacheka, waache wacheke. Baada ya operesheni ya tumbo, kujamba ni habari njema: utumbo umeanza kazi.

Zoezi la 4 ni kusema maumivu. Baadhi ya hospitali zina karatasi yenye nyuso 6, kuanzia inayocheka mpaka inayolia. Kama haipo, tumia vidole vya mkono mmoja. Ngumi ni hakuna maumivu, kidole 1 ni kidogo, vidole 5 ni makali kabisa. Fanyeni mchezo huo nyumbani ili auzoee. Usimfundishe kwamba mwanamume halii. Mtoto anayeficha maumivu hatapumua vizuri wala hatatembea.

HATUA YA TANO: JIONI NA ASUBUHI YA OPERESHENI.

Mwogeshe mtoto mwili mzima kwa sabuni, na umvalishe nguo safi. Kitovu kisafishwe taratibu. Usimnyoe nywele za tumboni kwa wembe. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inakataza kunyoa hivyo, kwa sababu wembe unaacha mikwaruzo ambamo vijidudu vinaingia. Kata kucha na uondoe rangi ya kucha. Vua hereni, bangili na shanga. Kama kuna kamba ya kiunoni au kitu cha imani ambacho familia haitaki kukivua, zungumza na muuguzi mapema. Usikifiche chini ya nguo.

Sasa kufunga kula. Mtu akiwa kwenye usingizi wa dawa, chakula kilicho tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Hilo linaweza kuua. Kwa kawaida chakula na maziwa ya ng'ombe au ya kopo husimamishwa angalau saa 6 kabla, na chakula kizito au chenye mafuta mengi saa 8. Maji matupu kwa kawaida yanaruhusiwa mpaka saa 2 kabla. Uji ni chakula. Chai ya maziwa ni kama chakula. Lakini muda wa mwanao atakupa muuguzi wake, na huo ndio wa kufuata, hasa kama tumbo limeziba au mtoto anatapika.

Hakikisha umeelewa saa. Simu inaonyesha 2:00 usiku wa manane, sisi tunasema saa 8 usiku. Watu wamekosea hapo. Mwambie muuguzi aseme: "Asile tena baada ya chakula cha jioni," au "Asinywe tena baada ya kuamka." Kisha waambie nyumba nzima. Ndugu mdogo mwenye huruma atampa nduguye andazi, na bibi atasema mtoto hawezi kuondoka na njaa. Eleza sababu kwa wote, na kwa mtoto mwenyewe. Akila kwa bahati mbaya, sema. Operesheni ikisogezwa mbele kwa saa chache au kwa siku moja si hasara. Kuficha ndiko kunakoua.

Wale wanaopewa rufaa nje ya kambi, panga mapema nani anamsindikiza, kwa kuwa mara nyingi anayeruhusiwa ni mmoja. Nani atapanga foleni siku ya mgao? Wadogo watalala kwa nani? Mwambie mtoto majibu hayo. Mtoto mkubwa akiwa wodini anaweza kulia si kwa kidonda, bali kwa kuwaza nani anamlisha mdogo wake. Beba shuka, sabuni, sahani, na kitu kimoja anachokipenda.

NA KAMA NI DHARURA?

Hapo hakuna siku 3. Pengine una dakika 5 ndani ya gari la wagonjwa. Mshike mkono, mtazame machoni, mwambie mambo matatu: "Tumbo lako linaumwa na linahitaji kutengenezwa leo. Utalala kwa dawa, hutasikia wakati wa kutengenezwa. Mimi nipo na ukiamka nitakuja." Maelezo mengine utayatoa baadaye akiamka. Hata yakichelewa, yana faida.

BAADA YA OPERESHENI.

Asile wala asinywe mpaka muuguzi aruhusu. Mrudishe kwenye mazoezi yake ya kupumua na kitenge. Akiamka akiwa amechanganyikiwa, akilia au akisema maneno yasiyoeleweka, mara nyingi ni dawa inaisha. Mwite muuguzi na kaa karibu ukiongea kwa sauti ya chini.

Mkirudi nyumbani, kidonda kikae kikavu na safi kama mlivyoelekezwa. Usipake majivu, mafuta wala majani. Mtoto asibebe ndoo ya maji, dumu wala kuni, asicheze mpira wala kupanda miti mpaka daktari aruhusu. Mara nyingi ni wiki kadhaa. Mwalimu aambiwe. Rudi kituoni haraka ukiona usaha, harufu, uwekundu unaoenea, kidonda kuachia, homa, kutapika au tumbo kuvimba.

(MUZIKI WA TARATIBU CHINI YA SAUTI.)

MTANGAZAJI: Nimalizie nilipoanzia. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, msichana wa miaka 8, alipewa tarehe ya operesheni ya ngiri ya kitovu kama yangu. Nilimwomba dada nikae naye mimi. Tulitengeneza mwanasesere. Muuguzi alimfundisha kukohoa na kitenge, akamwonyesha na mlango atakaopita. Siku yenyewe alilia. Sindano ni sindano. Lakini aliingia mwenyewe akiwa amemshika muuguzi mkono.

Siku ya 4 nyumbani alinijia akiwa ameinua vidole 3. Akasema, "Mama mdogo, hapa pamekuwa pa moto, na jana hapakuwa hivi." Tulikwenda kituoni saa ileile. Kidonda kilikuwa kimeanza kuwa chekundu pembeni, akapewa dawa, kikapona bila kufunguka. Nikiwa na umri kama wake, mimi nilijifunga kitambaa nikanyamaza.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya wasikilizaji:

1. Nyumbani kwenu, watoto huambiwa nini kabla ya kupelekwa hospitali? Nani huwaambia?

2. Ni maneno gani ya lugha yenu yanayoweza kumtisha mtoto, na mnaweza kutumia yapi badala yake?

3. Kama mtoto anaishi na mlezi ambaye si mzazi wake, nani atatia saini na nani atakaa naye wodini? Kikundi kinaweza kumsaidiaje mlezi huyo?

4. Fanyeni zoezi la kupumua na la kukohoa kwa kitenge, wote mliokaa hapo, watoto kwa wakubwa.

Kama una swali, mwone mhamasishaji wa afya wa zoni yako au muuguzi wa kituo kilicho karibu. Mimi ni mtangazaji wenu, mtoto wa kambi hii. Tukutane juma lijalo, saa kama hii. Kwaherini.

(MUZIKI WA KIPINDI UNAPANDA MPAKA MWISHO.)